Sindano Kutoka Maskati: Uchambuzi wa Kisa cha Mgonjwa wa Baridi Yabisi Pemba

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha mgonjwa mmoja aliyehudumiwa Pemba. Jina lake, shehia yake, hospitali na maduka ya dawa vimeondolewa, na baadhi ya mambo ya familia yamesogezwa kidogo ili asitambulike. Mfuatano wa matibabu, sababu za kila uamuzi na matokeo havikuguswa. Yeye na mumewe wameridhia kiandikwe. Humu namwita Bi M.

Nimekiandika kwa ajili ya maafisa tabibu, wauguzi na wauza dawa, lakini pia kwa wale wanaokaa kwenye kamati za kupima kazi za watafiti. Mtaalamu wa kinga ya mwili hupimwa kwa makala zake zimenukuliwa mara ngapi, tuzo gani amepewa, na dawa iliyotokana na kazi yake imeuza kiasi gani. Kwa vipimo hivyo, Marc Feldmann na Ravinder Maini wa London wana kila sifa: tuzo ya Crafoord mwaka 2000, tuzo ya Lasker mwaka 2003, na kundi zima la dawa za kuzuia TNF (kemikali ya mwili inayochochea uvimbe), ambalo moja tu kati yake, adalimumabu, iliuza zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka 2022. Swali ninalolifuata hapa ni dogo kuliko hayo, na kwangu ndilo zito: kazi hiyo ilimfanyia nini mwanamke mmoja anayechambua karafuu Pemba?

Usuli

Bi M. ana miaka thelathini na kitu na watoto wanne. Riziki yake yote iko vidoleni. Husuka ukili, na ukifika msimu huchambua karafuu kwa malipo ya pishi, kazi inayotaka vidole vyepesi vya kutenga karafuu na makonyo tangu alasiri hadi usiku.

Ugonjwa ulianza miezi minne baada ya kumzaa mtoto wa nne. Kipindi hicho baada ya uzazi kinajulikana kuwa ndicho rumatoidi, aina ya baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili, hujitokeza au hupamba moto kwa wanawake wengi. Vilianza vidole viwili vya mkono wa kulia, vikafuata vya kushoto, kisha vifundo vya mikono, magoti, na nyayo kwenye mashina ya vidole. Asubuhi mikono ilikuwa imekaza hata hawezi kujifunga kanga, na haikulegea mpaka jua lipande. Ndoo ya maji ikawa kazi ya binti yake mkubwa. Kukanda unga wa chapati akauacha kabisa.

Alichuliwa kwa mafuta ya nazi, akanywa kombe, maji ya aya zilizooshwa. Sina la kulaumu hapo, kwani havikumdhuru na vilimpa nguvu ya kuendelea. Kilichomchelewesha ni upande wetu, wa dawa za hospitali. Katika vituo na maduka mbalimbali alitibiwa homa ya matumbo mara mbili, akatibiwa maambukizi ya mkojo, akapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu mpaka tumbo likamuuma. Mwishoni duka moja likampa vidonge vidogo vyeupe ndani ya bahasha isiyo na jina la dawa. Siku ya pili akasuka ukili kama zamani. Vilipokwisha, maumivu yakarudi makali kuliko mwanzo, naye akarudi dukani. Kwa maelezo yake na kwa uso uliokuwa umeanza kuvimba mashavu, hatukuwa na shaka kuwa vilikuwa dawa za jamii ya steroidi, ambazo hushusha kinga na kutuliza uvimbe haraka.

Hivyo ndivyo ilivyopita miezi 16.

Baridi yabisi ni jina tunalolitia maradhi mengi ya viungo, na mengi kati yake ni uchakavu wa umri. Rumatoidi si uchakavu. Kinga ya mwili huvamia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani, utando huo huvimba na kunenepa, kisha hula gegedu na mfupa ulio jirani. Mfupa ukishaliwa haurudi. Na kula huko huanza mapema, katika miezi ya mwanzo, wakati mgonjwa bado anaambiwa achuliwe na apumzike.

Siku ya kwanza kliniki

Tulimhesabia viungo. Kipimo tulichotumia huitwa CDAI: unagusa viungo 28, unahesabu vinavyouma na vilivyovimba, unaongeza alama ya mgonjwa mwenyewe kuhusu hali yake kati ya 0 na 10, na alama ya daktari vivyo hivyo. Hakihitaji maabara. Chini au sawa na 2.8 ugonjwa umelala; hadi 10 ni mdogo; hadi 22 ni wa wastani; zaidi ya hapo ni mkali. Bi M. alikuwa na viungo 16 vinavyouma na 12 vilivyovimba, yeye akajipa 8, sisi tukampa 7. Jumla 43.

Kipimo cha RF, kingamwili inayopatikana kwa wagonjwa wengi wa rumatoidi, kilikuwa chanya, na ESR, kipimo cha damu kinachoonesha uvimbe mwilini, ilikuwa juu sana. Picha ya mikono ilionesha mfupa umeanza kulika kwenye vifundo viwili. Kipimo cha kingamwili za anti-CCP kilihitaji sampuli ipelekwe nje ya kisiwa. Ilipelekwa, lakini tuliamua tusisubiri jibu. Mgonjwa aliyevimba viungo vidogo vya mikono yote miwili kwa miezi 16, mwenye RF na mfupa unaolika, hana haja ya karatasi nyingine ili aanze tiba. (Jibu lilikuja wiki kadhaa baadaye, nalo lilikuwa chanya.)

Uamuzi wa kwanza: mtoto anayenyonya

Dawa ya msingi ya rumatoidi duniani kote ni methotreksati kwa dozi ndogo, mara moja kwa wiki. Ni dawa ya zamani. Ilianza kama dawa ya saratani, na Marekani iliidhinishwa rasmi kwa rumatoidi mwaka 1988. Ni rahisi na ipo. Ila haimfai mjamzito, kwa kuwa huharibu mimba na viungo vya mtoto tumboni, wala haimfai anayenyonyesha. Bi M. alikuwa akimnyonyesha mtoto wa miezi 20.

Kulikuwa na njia ya pili: sulfasalazini na haidroksiklorokwini, ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia. Sulfasalazini haikupatikana kisiwani siku zile. Njia ya tatu ilikuwa kungoja miezi minne, mtoto atimize miaka miwili, huku mama akishikiliwa kwa steroidi.

Hatukumwamulia. Tuliomba aje na mumewe, wakaja pamoja na mama mkwe. Tuliwaonesha picha ya mikono, mahali mfupa ulipolika, tukasema wazi kuwa miezi minne kwa ugonjwa mkali kiasi hiki ina gharama isiyolipika. Mama mkwe alisema mtoto ana haki yake ya miaka miwili. Mume ndiye aliyejibu, kwa upole, kwamba aya ile ile ya Suratul Baqara inayotaja miaka miwili inaruhusu wazazi kumwachisha kabla kwa kuridhiana na kushauriana. Mama mkwe akanyamaza kidogo, akasema: "Basi shaurianeni, na mimi nitamlea usiku." Mtoto alilala kwa bibi yake wiki mbili, na ziwa likaachwa.

Naieleza sehemu hii kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Mwanamke huandikiwa dawa, hugundua nyumbani kuwa amekatazwa kunyonyesha, anaona haya kurudi kuuliza, na anaacha dawa kimya kimya. Bi M. aliondoka na uamuzi wa nyumba nzima, akachagua pia kijiti cha uzazi wa mpango, na hakuna aliyemnyooshea kidole.

Uamuzi wa pili: kusafisha njia kabla ya dawa

Methotreksati huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonesha kazi, kwa hiyo ilibidi apewe predinisoloni ya dozi ndogo kwa muda mfupi. Kabla ya steroidi tulimpa ivamektini. Sababu ni mnyoo wa Strongyloides, ambao umewahi kupatikana na kuchunguzwa Unguja na Pemba. Mnyoo huyu huweza kuishi mwilini miaka na miaka bila dalili, kwa kuwa hujizalisha humo humo. Kinga ikishushwa na steroidi huongezeka ghafla, akatoboa utumbo na kusambaa mwilini, na mgonjwa huweza kufa. Vitabu vingi vya rumatoidi vimeandikiwa nchi za baridi, na jambo hili hulitaja pembeni. Kwetu liwe mbele.

Alipimwa pia homa ya ini B, VVU, mimba, ini, figo, picha kamili ya damu, na kifua kwa eksirei. Vyote vilikuwa salama. Baba mkwe wake, anayeishi nyumba hiyo hiyo, alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu mwaka uleule. Tuliliandika kwenye jalada kwa wino mwekundu, na lilikuja kutufaa.

Akaanza methotreksati vidonge vinne vya miligramu 2.5 kila Ijumaa, na foliki asidi kila Jumatatu. Ijumaa tuliichagua kwa kuwa Pemba hakuna nyumba inayoisahau. Alipewa kadi yenye maneno matatu makubwa: IJUMAA TU. HAKUNA SEPTRINI. HAKUNA MIMBA. La pili ni kwa sababu kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita septrini na huuzwa kwa kila kikohozi, ikikutana na methotreksati huweza kuua uboho unaotengeneza damu. Kadi hiyo ilimsaidia mara moja: muuza dawa aliisoma, akabadilisha dawa ya mkojo aliyokuwa ameshaitia kwenye bahasha.

Baada ya miezi mitatu, dozi ikiwa imepandishwa hadi vidonge sita, CDAI ilishuka kutoka 43 hadi 24. Bado mkali, lakini alikuwa anajifunga kanga mwenyewe.

Bahasha

Msimu wa karafuu ulipoingia, familia ilihamia shambani upande mwingine wa kisiwa. Dawa zikamwishia huko. Binti akaenda na kopo tupu kwenye duka la dawa la karibu. Dawa ikapatikana, ikahesabiwa, ikatiwa kwenye bahasha, na juu yake ikaandikwa 6 x 1.

Kila aliyewahi kupokea dawa Tanzania anaisoma alama hiyo kwa namna moja: vidonge sita mara moja kwa siku. Kadi ilikuwa imebaki nyumbani. Bi M. alishangaa, lakini alidhani dozi imepandishwa tena, kwa kuwa ilishapandishwa mara mbili. Akameza vidonge sita kila siku kwa siku tano.

Siku ya sita mdomo ulikuwa vidonda vitupu, hata mate hayamezeki. Binti alipiga picha ya bahasha na kuituma kwa muuguzi wa kliniki, na naamini picha hiyo ndiyo iliyomwokoa mama yake. Muuguzi alimpigia hapo hapo, akamwambia asimeze tena na aletwe usiku huo huo. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka, na chembe sahani, zinazogandisha damu, zimeanza kushuka. Alilazwa, akapewa maji ya mishipa na antibayotiki, na foliniki asidi, ambayo ndiyo dawa ya kuokoa, ikaagizwa kutoka nje ya kisiwa ikaja kwa ndege ya mchana. Uboho uliamka siku ya tisa. Alitoka hospitali amekonda, mzima.

Viungo vikavimba upya.

Uamuzi wa tatu: sindano

Kaka yake Bi M. anafanya kazi Maskati, Oman. Aliposikia dada yake amelazwa kwa sababu ya dawa, alipiga simu kliniki kwa hasira ambayo kila mmoja wetu angekuwa nayo. Alikuwa ameshasoma kuwa methotreksati ni dawa ya saratani. "Miye sikuulizeni bei," alisema. "Dada yangu asipewe tena sumu hiyo. Nshamnunulia sindano ya kisasa, inakuja na mtu."

Ilikuja kweli. Kalamu mbili za adalimumabu, yaani sindano zenye umbo la kalamu, ndani ya kifuko cha kubebea chakula, barafu imeshakuwa maji. Zilipanda ndege hadi Unguja, zikalala kwa jamaa, zikapanda meli hadi bandari ya Mkoani, Pemba.

Nataka msomaji aone uzito wa wakati ule. Mbele yetu kulikuwa na dawa ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, tunda la moja ya tafiti zilizofanikiwa zaidi katika elimu ya kinga. Mgonjwa alikuwa na ugonjwa mkali. Familia ilikuwa imelipa. Tukakataa kumchoma.

Sababu zilikuwa tatu, na tulimweleza kaka moja baada ya moja, kwa simu ndefu, Bi M. akiwa amekaa pembeni anasikiliza.

Kwanza, dawa hiyo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Nje ya jokofu huvumilia nyuzi 25 kwa siku chache, na hakuna aliyejua kifuko kile kilifika joto gani. Ni protini. Ikiharibika haibadiliki rangi wala harufu kwa lazima. Inabaki maji tu.

Pili, kalamu mbili ni mwezi mmoja. Dawa hizi huufunga ugonjwa kwa muda zinapotumika, na zikikatika ugonjwa hurudi kwa wagonjwa wengi. Kaka alisema ataleta nyingine. Tulimuuliza atazileta kwa miaka mingapi, na mkataba wake wa kazi unakwisha lini. Hakukasirika kwa swali hilo. Alikaa kimya, kisha akasema: "Hapo sawa, daktari."

Ya tatu ndiyo iliyotutisha. TNF ni kemikali ya kuchochea uvimbe, lakini ndiyo pia inayosimamisha ukuta wa chembe zinazozunguka vijidudu vya kifua kikuu na kuvifungia ndani ya pafu miaka mingi. Ukiizuia, ukuta hulegea. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuchomwa infliksimabu, ndugu wa dawa hii, na zaidi ya nusu yao kilikuwa nje ya mapafu, mahali ambapo ni vigumu kukigundua. Bi M. alikuwa amelala nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu. Eksirei safi haithibitishi kuwa hana vijidudu vilivyolala, na kipimo cha kuvitafuta hatukuwa nacho. Wino mwekundu ulikuwa mahali pake.

Badala yake tulimwomba kaka jambo ambalo hakulitarajia: fedha aliyotenga kwa kalamu azinunulie dawa za kawaida. Sulfasalazini na haidroksiklorokwini kutoka Dar es Salaam, vipimo vya damu, na nauli ya dada yake kuja kliniki kila mwezi. Fedha ya kalamu mbili ilitosha hayo kwa karibu mwaka mzima.

Methotreksati ilirudishwa kwa vidonge vinne, dawa ya wiki nne tu kila safari, ndani ya kopo lililoandikwa na kliniki wenyewe. Kabla ya sulfasalazini alipimwa upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu unaopatikana sana kwetu na unaoweza kuifanya dawa hiyo ivunje damu. Macho yalikaguliwa kwa ajili ya haidroksiklorokwini. Bi M. alisita kurudia methotreksati kuliko jambo lolote lingine, na alikuwa na haki. Alikubali baada ya muuguzi kumwonesha kuwa kosa lilikuwa la siku, si la kidonge, na binti yake kuahidi kuwa ndiye atakayefungua kopo.

Matokeo

Miezi sita baada ya dawa tatu, CDAI ilikuwa 9. Predinisoloni iliachwa mwezi wa nne. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kimepinda na kitabaki hivyo, na kifundo kimoja cha mkono hakikunji chote. Husuka ukili tena, mikeka midogo. Msimu uliofuata alichambua karafuu akiwa na binti zake, kwa mwendo wa taratibu.

Kilichotoka London kikafika Pemba

Ukitafuta athari ya Feldmann na Maini kwenye jalada la Bi M. kwa kutafuta jina la dawa yao, utakuta kalamu mbili zilizotupwa. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema sayansi hiyo haikumfikia. Mimi nasema ilimfikia, ila haikupita mlango uliotarajiwa.

Kabla ya kazi yao, uvimbe wa rumatoidi ulionekana kama vurugu ya kemikali nyingi zisizo na kichwa. Mwaka 1989 Fionula Brennan, akiwa nao, alionesha maabara kwamba ukizuia TNF peke yake katika chembe za utando wa viungo vya wagonjwa, IL-1, kemikali nyingine ya uvimbe, nayo hushuka. Kulikuwa na mpangilio, na mpangilio una mahali pa kuukata. Mwaka 1992 wagonjwa wa kwanza walichomwa katika Hospitali ya Charing Cross, na taarifa ya wagonjwa 20 ilitoka mwaka uliofuata. Wagonjwa waliamka na viungo vilivyotulia. Ilithibitika mbele ya macho kuwa ugonjwa huu unaweza kuzimwa, na madaktari wakapandisha matarajio yao: mgonjwa hatakiwi tena kutulizwa maumivu tu huku mikono ikipinda.

Matarajio hayo mapya ndiyo yaliyozifanya dawa za zamani zitumiwe vizuri zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Glasgow walionesha kuwa mgonjwa akihesabiwa viungo kila mwezi na dawa zikapandishwa kwa lengo, kwa dawa za kawaida tu, ugonjwa hulala kwa asilimia 65 ya wagonjwa, ukilinganisha na 16 kwa huduma ya mazoea. Mwaka 2013 jaribio la Marekani lilionesha kuwa methotreksati, sulfasalazini na haidroksiklorokwini kwa pamoja hazikupitwa na methotreksati pamoja na etanasepti, mojawapo ya dawa za kuzuia TNF. Huo ndio utafiti uliotupa ujasiri wa kumwambia kaka wa Maskati kwamba dada yake hapunjwi.

Na kukataa kwetu pia ni matunda ya elimu ya kinga. Bila miaka ya kuchunguza jinsi TNF inavyoshikilia ukuta wa kifua kikuu, na bila waliokusanya zile taarifa 70, tungemchoma kwa nia njema. Ripoti ya mtafiti haina safu ya wagonjwa waliookolewa kwa kutopewa dawa aliyoivumbua. Ingekuwepo, Bi M. angeandikwa humo.

Kilichokwama

Miezi 16 ndiyo hasara kubwa, na yale mengine hayafikii. Kidole kilichopinda kilipinda katika kipindi hicho. Hakuna hata mmoja kati ya waliomwona aliyekosa elimu ya kutambua rumatoidi. Vifundo vidogo vya mikono yote miwili, kukaza asubuhi zaidi ya saa moja, zaidi ya wiki sita. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuona ziara zote pamoja. Kila kituo kilimwona kama mgonjwa wa siku ile. Na vidonge vyeupe vya bahasha viliifuta dalili kila ilipotaka kuonekana. Kuuza steroidi bila jina la dawa naliona kuwa dhuluma, hata kama muuzaji anamhurumia mteja.

Bahasha ya 6 x 1 ilitokana na sisi sote kuandika dawa kwa alama iliyozoea dozi za kila siku. Dawa ya wiki haiandikiki kwa alama hiyo. Inataka jina la siku kwa maneno. Aidha vidonge vya methotreksati na vya foliki mara nyingi vyote ni vya manjano, na mgonjwa asiyesoma hana cha kuvitofautisha. Tangu wakati ule kopo lake la methotreksati hufungwa kitambaa chekundu, wazo la binti.

Kilichofaa kimeshaonekana njiani, ila kimoja hakikupangwa na mtu: familia. Mume aliyejua aya, bibi aliyelala na mtoto, binti aliyepiga picha, kaka aliyekubali kubadilisha matumizi ya fedha yake. Mpango wa tiba usiowapa watu hawa nafasi ungekatika mara nne.

Upatikanaji wa sulfasalazini bado hauna uhakika. Mwezi mmoja ilikosekana hata Dar es Salaam, na CDAI ikapanda hadi 15 kabla haijarudi. Sioni maana ya kuwapongeza watafiti kwa dawa ya dola bilioni 20 wakati kidonge cha miaka mingi kinakatika sokoni.

Lililo mbele

Bi M. ameuliza kuhusu mtoto wa tano. Tumewaeleza kuwa inawezekana: methotreksati iachwe, kijiti kisitolewe mpaka ipite miezi mitatu, sulfasalazini na haidroksiklorokwini ziendelee katika mimba pamoja na foliki, na baada ya kujifungua aonwe ndani ya wiki chache, kwa kuwa ndipo ugonjwa ulipomwanzia. Tarehe ya kuacha haijapangwa. Mumewe anataka msimu wa karafuu upite kwanza. Yeye anataka waanze kuhesabu sasa.